Fomu Namba Saba

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu vyerehani vinanguruma, unaitikia "eeh, eeh", halafu kesho yake unaniuliza nilikuwa nasema nini. Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na meza ambayo mguu wake mmoja nimeuwekea kamusi. Masomo yanakwenda vizuri.

Safari ile uliniuliza hasa nasomea nini, nikajiumauma. Ni hivi. Tunachunguza jinsi malezi na mazoea ya watu yanavyoijenga akili ya mtu: anavyofikiri, anavyojiona, anavyotenda. Kwa mfano, ukimpa mtu karatasi ukamwambia aandike sentensi ishirini zinazoanza na "Mimi ni", ataandika nini? Wanafunzi wenzangu wameshaandika. "Mimi ni mchapakazi." "Mimi ni mbunifu." Mmoja ameandika "Mimi ni wa kipekee" mara mbili. Sasa nataka kuwalinganisha na watu wanaoshinda pamoja kutwa nzima, na hakuna ninaowajua kuliko nyinyi wa korido ya mafundi.

Nimekutumia fomu kumi na mbili, moja kwa kila duka. Kila fomu ina namba ya mtu wake, jina haliandikwi. Masharti ni matatu tu, na nakuomba Shangazi usiyapunguze wala usiyaongeze: kila mtu ajaze akiwa peke yake, asisome ya mwenzake, na akimaliza aitie kwenye bahasha aifunge mwenyewe. Kazi yangu ya mwaka mzima inategemea bahasha hizo.

Nisalimie wote. Mpiga pasi, kinyozi, fundi viatu, na Fundi Saa pale dirishani kwake.

Mwanao,
Bi Maswali

19 Februari

Bi Maswali wangu,

Marahaba. Bahasha zako hizo hapo, kumi na mbili kamili. Mpiga pasi kazipitishia na pasi juu ili gundi ishike. Nimesimamia kama mtihani wa serikali. Kinyozi alitaka kuchungulia ya mwenzake, nikampiga rula ya vidole. Mimi ndiye namba saba.

Watu wamefurahi, mwanangu! Fundi viatu siku hiyo hakugonga nyundo hata moja, kainama na kalamu, ulimi nje. Muuza vifungo alicheka peke yake mpaka akatoka machozi. Aliyetuchelewesha ni jirani yangu wa ukuta mmoja, Fundi Saa. Siku tatu! Na mkono juu ya karatasi kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu. Nikamwambia, Fundi, hizo ni sentensi ishirini, si wosia.

Sasa langu. Baba yako kaniandalia chumba kwake. Anasema, dada, ni miaka kumi tangu mume wako afariki, unazeeka peke yako katikati ya matambara, njoo ukae na watu wako. Nilishamkatalia mara mbili, safari hii nimekubali. Mwisho wa Aprili nafunga duka. Mpangaji mwingine ameshapatikana. Tuseme kweli, nani atanikosa hapa? Watamkosa anayewapindia suruali, na watapata mwingine. Usije ukaanza kulia, nilishaamua.

Shangazi yako,
Mama Pindo (ndivyo wateja wanavyoniita siku hizi, kwa sababu ya hizo suruali)

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefungua bahasha, na sijui niseme nini.

Katika fomu zote kumi na mbili, maneno "Mimi ni" yamekatwa, juu yake pameandikwa "Yeye ni". Zote! "Yeye ni mkarimu lakini hapendi kuombwa." "Yeye ni mtu wa kukoroma saa nane mchana." Nani huyo "yeye"? Nani kamjazia nani? Nilisema kila mtu ajaze peke yake. Shangazi, niambie ukweli, uliwakalisha ukawa unawaamuru cha kuandika? Au ulijaza na wateja wako ili niridhike?

Mwalimu wangu anayenisimamia ameziangalia akasema nizitupe. Wiki tatu nilizosubiri zimekwenda na maji. Sikutegemea kufanyiwa hivi na wewe.

Na habari ya kuhama ndiyo imenimaliza kabisa.

Bi Maswali

10 Machi

Wewe mtoto,

Hiyo shikamoo yako nimeipokea kwa sababu ya adabu yangu, si ya kwako. Mimi nikudanganye wewe! Niliyekushonea sare za shule tangu la kwanza mpaka la mwisho, na mifuko ya siri ndani!

Sikiliza. Niliwagawia karatasi, nikawasomea masharti kama yalivyo. Watu wakatazamana. Fundi viatu akasema, "Nikae hapa nijiandike mimi ni mwema, mimi ni hodari, mara ishirini? Watu wakisikia je?" Kinyozi akasema akijisifu ni aibu, na akijiponda ni uongo. Nikajaribu mwenyewe, nikaandika "Mimi ni fundi cherehani", nikakwama hapo hapo. Yaliyobaki mimi nitayajuaje? Mimi siku nzima natazama kitambaa, sijitazami. Wanaonitazama ni wao.

Basi nikafanya linalofanyika. Nikakata vikaratasi vya namba, nikavitia kwenye beseni la vifungo, kila mtu akachota kimoja kwa siri, akaenda kumjaza mwenye namba hiyo. Peke yake! Bila kusoma ya mwenzake! Akafunga bahasha mwenyewe! Hebu nionyeshe sharti lililovunjwa. Hata mimi sijui nani alinichota, na sijauliza. Sikukuandikia mwanzo kwa sababu sikudhani kuna haja ya kulisema. Nani anajijazia mwenyewe?

Mwambie huyo mwalimu wako kabla hajatupa kitu cha watu aulize kwanza. Na wewe pia.

Shangazi yako

18 Machi

Fundi,

Shikamoo. Ni mimi, Bi Maswali, niliyekuwa nasomea mtihani kwenye ngazi mbele ya dirisha lako, ukawa unanipa saa mbovu nizifungue nikichoka na vitabu.

Nakuandikia wewe peke yako, na barua hii ukiisha kuisoma ichane. Shangazi ameshanieleza habari ya beseni la vifungo. Kwa hiyo nikazirudia fomu zote, moja baada ya nyingine, nikafika namba saba. Ule mwandiko ni wako. Hakuna mtu mwingine anayeandika herufi ndogo namna ile, kama za vikaratasi unavyofunga kwenye saa za wateja.

Fundi, nimeisoma mara nyingi. Umeandika: "Yeye ni mtu anayefungua mlango saa moja na dakika kumi." "Yeye ni mtu anayeuma uzi kwa meno ilhali mkasi uko shingoni." "Yeye ni mtu ambaye mteja akinenepa, anamwambia kitambaa ndicho kilichosinyaa." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafika ya ishirini: "Yeye ni mtu ninayetaka kumuoa, na sijui nianzie wapi."

Nikaacha kucheka. Nimekaa na karatasi hiyo mkononi nusu saa.

Unajua kwamba anahama mwisho wa Aprili? Anaamini hakuna atakayemkosa, ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Mimi nimefungwa mdomo. Nimeapa mbele ya kamati kwamba yaliyomo ndani ya fomu siyatoi nje kumpa mtu, awe mama, awe shangazi. Siwezi kumwambia, Fundi. Unaweza wewe.

Bi Maswali

25 Machi

Binti,

Marahaba. Barua yako imenifikia saa nne na dakika ishirini. Saa nne na nusu nikafunga duka, na mimi sifungi duka mchana.

Nilidhani karatasi zile zinakwenda mbali kuhesabiwa na mashine. Ndiyo maana niliandika. Sikufikiria kwamba utazisoma wewe. Nimeona haya, sijui nijifiche wapi.

Na nikiri jingine. Sikuchota namba saba. Nilichota mbili, ya muuza vifungo. Saba ilimwangukia mpiga pasi, nikamwomba tubadilishane. Akanitazama, akacheka, akasema nimtengenezee redio yake. Mimi si fundi wa redio. Sasa inashika stesheni moja tu, lakini anasema inamtosha. Kama hili linaharibu hesabu zako, nisamehe.

Najua anahama. Amenipa zawadi ya mto wa kukalia, kashona mwenyewe, akaniambia "utanikumbuka ukikaa". Nilisema asante. Hilo tu ndilo nililosema.

Wewe unaona ni jambo rahisi. Miaka tisa kila asubuhi anagonga ukuta mara mbili, nami nagonga mara mbili, siku inaanza. Nikimwambia naye asitake, ataniamkia tena? Zikibaki wiki tano za kugongewa ukuta, afadhali nizipate zote.

Usimwambie, mwanangu. Nakuomba.

Fundi Saa

1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake. Nimekukosea. Nilikushuku bila kuuliza, na mimi ndiye ninayejiita mtafiti. Nisamehe.

Nilimsomea mwalimu barua yako yote, hata pale uliponichamba. Nilipofika kwenye "nani anajijazia mwenyewe?" aliinuka kitini. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, "Hawa hawakukosea. Wamekujibu swali ambalo hukuliuliza." Sisi tulidhani kila mtu duniani anajijua kwa kujichungulia ndani. Nyinyi mmetuonyesha watu wanaoamini mtu anajulikana kwa kutazamwa na walio karibu naye.

Sasa sikiliza kichekesho. Tukawapa wanafunzi wa hapa fomu, tukawaambia wafanye kama nyinyi, kila mtu amjaze mwenzake. Wamesoma darasa moja miaka miwili! Mmoja alifika sentensi ya nne akakwama: "Yeye ni mtu anayekaa karibu na dirisha." Mwingine alirudisha karatasi akalia, akasema hajui hata mwenzake ana ndugu wangapi. Fomu zenu zote zimejaa, ishirini kwa ishirini. Mwalimu amebadilisha utafiti mzima, na mimi ndiye ninayeuongoza. Shangazi, nina furaha mpaka najionea aibu!

Jambo la mwisho, na nalisema kama mtafiti. Kwa kanuni zetu, mwenye namba ana haki ya kusoma fomu yake, ila lazima aiombe mwenyewe kwa maandishi. Mimi siruhusiwi kuitoa bila kuombwa. Nawaambia wote kumi na wawili. Nawe nakwambia. Una haki ya kuiomba, Shangazi. Kwa maandishi. Kabla ya mwisho wa Aprili ingekuwa vizuri.

Mwanao,
Bi Maswali

7 Aprili

Mwanangu,

Nimekusamehe tangu hiyo shikamoo yako ya pili. Korido nzima nimewasomea barua yako. Kinyozi sasa anajiita "sampuli" na kila mteja anaelezwa kwamba amebadilisha sayansi.

Wote wameomba fomu zao, barua zao hizo nimeziweka ndani ya bahasha hii. Mimi siombi. Unadhani sikuona ulivyozungukazunguka? "Una haki, una haki." Wewe ukiwa na habari mbaya ndivyo unavyofanya tangu utotoni. Basi nimejua, kuna mtu kaandika mimi ni mkali. Najua hata ni nani, ni mpiga pasi, kwa sababu siku hizi kila nikipita ananitazama na kutabasamu. Sitaki kuondoka hapa na kinyongo. Wacha niende na sura nzuri za watu.

Nafunga mizigo. Vyerehani viwili vimeshafunikwa. Wateja wanakuja na nguo ambazo hazina hata shida, eti niwapindie kabla sijaondoka. Na huyu Fundi Saa sijui ana nini. Juzi kaja, kasimama mlangoni, kakohoa. Nikamwambia karibu Fundi. Akaitazama saa yangu ya ukutani, akapanda kiti, akaishusha, akaifuta vumbi, akairudisha, akaenda zake. Jana karudi, kaishusha tena. Saa yenyewe nzima! Nadhani uzee unamwingia, maskini, na mimi naondoka. Nani atamwangalia?

Mbona naandika hivi, hata sijui. Kufunga mizigo kunachosha.

Shangazi yako

11 Aprili

Fundi,

Shikamoo. Acha saa ya ukutani. Anaanza kudhani umezeeka akili!

Shangazi amekataa kuomba fomu yake, anaogopa kaandikwa vibaya. Siwezi kumsukuma zaidi ya hapo nilipofika. Vyerehani viwili vimeshafunikwa, Fundi. Cha tatu kikifunikwa, basi.

Kama huwezi kumwambia sentensi ya ishirini, mwambie maneno mengine yoyote.

Bi Maswali

15 Aprili

Binti,

Marahaba. Jana saa tatu na dakika tano nilikwenda. Sikugusa saa. Alikuwa amepiga magoti anafunga kamba kwenye sanduku la vitambaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri tangu nyumbani, nayo yakanitoka yote. Nikamwambia, "Mama Pindo, iombe fomu yako." Akasema, "Ya nini?" Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeijaza."

Halafu nikaondoka haraka, nikajikwaa kwenye ubao wa kupigia pasi.

Hayo ndiyo niliyoweza. Akiiomba, mpe. Nimeruhusu.

Fundi Saa

15 Aprili

KWA MTAFITI MKUU
YAH: KUOMBA FOMU NAMBA SABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mwenye namba saba naiomba fomu yangu, kwa maandishi kama kanuni inavyotaka. Itumwe haraka. Itumwe kwa mtu anayekuja huku, si kwa posta. Na usiniandikie neno lolote pembeni.

Mwombaji,
Mama Pindo

19 Aprili

Shangazi,

Fomu hiyo hapo. Sijaandika neno pembeni.

Bi Maswali

26 Aprili

Mwanangu, Bi Maswali wangu,

Fomu ilifika juzi kabla ya saa sita. Mpiga pasi akaona bahasha, akazima pasi yake. Kinyozi akaja na mteja wake kidevu nusu. Nikawaambia watoke wote, wakatoka mpaka mlangoni, wakabaki hapo hapo.

Nikasoma nimesimama. Ya kwanza nikacheka. Ile ya kitambaa kusinyaa nikamlaani, kumbe ukuta wetu unasikia hivyo! Ile ya kumi na mbili, "Yeye ni mtu anayesema hana njaa kisha anamega cha mwenzake", nikasema huyu lazima nimwone. Ya kumi na tano kasema naimba cherehani kikikwama, na nanyamaza kikikubali. Mimi sikulijua hilo, mwanangu. Miaka yote hii sikujua kwamba naimba. Ya kumi na tisa kaandika, "Yeye ni mtu ambaye Jumapili akifunga duka, mimi naujua urefu wa siku." Nikakaa juu ya sanduku. Nikasoma ya ishirini.

Sikuona aibu, sikuona haya, nilinyanyuka na karatasi mkononi nikatoka. Watu wakanipisha. Nikasimama dirishani kwake. Yeye kabana kile kioo chake jichoni, kainamia saa ya mtu, anachokonoa pasipo na skrubu; saa hiyo kama ingekuwa yangu ningeichukua nikaondoka nayo. Nikamwambia, "Fundi, hii namba ishirini ni ya kweli, au mistari ilikuwa mingi ukawa unajaza nafasi?"

Akatoa kioo jichoni. Akanitazama, mwanangu, nikaona kwamba sikuwahi kumwona bila kile kioo au bila kuinamia kitu. Akasema, "Namba ishirini ndiyo niliyoiandika kwanza. Siku tatu nilikuwa natafuta za kuitangulia."

Hata redio ya mpiga pasi sikuisikia. Nimelia, tena mbele za watu, na kinyozi naye kalia, anasema ni sabuni. Miaka kumi nimejihesabu mpweke, kumbe pembeni yangu kulikuwa na mtu ananihesabia mpaka nyuzi ninazouma! Nikamwambia, "Basi sasa sema kwa mdomo, si kwa fomu." Akasimama, akavaa shati vizuri, akasema. Aliyosema hayaingii kwenye utafiti wako.

Nimemwambia ndiyo. Mafundi wamefunua vyerehani wenyewe, sikuwaomba, na yule mpangaji mpya amepewa chumba kitupu cha mwisho wa korido. Harusi ni Juni, ukishafunga chuo. Gauni nashona mwenyewe, na mtu yeyote asinishauri.

Nimemwandikia baba yako pia. Nimemwambia ahsante kaka kwa chumba, usikibomoe. Tutakuja kukutembelea, tutakuja wawili.

Shangazi yako,
aliyejazwa